Kivuli cha Mama Severa Kwenye Foleni ya Bafta

Theopista aliandika ratiba ya wageni wake nyuma ya karatasi ya kalenda, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa duka lake la vyombo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mwezi wa Juni ulikuwa umekwisha, na mwaka ule wa themanini na mbili karatasi haikuwa kitu cha kutupa. Siku ya kwanza aliandika: Kivukoni, pantoni, Kigamboni, madafu. Siku ya pili: Pugu, chakula cha kubeba. Siku ya tatu: Bagamoyo, kwenda na kurudi. Siku ya nne: soko jipya, makumbusho, kupumzisha miguu, basi la saa kumi jioni. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika penye viti na penye choo. Wageni walikuwa wastaafu, na mstaafu, alivyojua yeye, hutafutiwa kwanza mahali pa kukaa ndipo aonyeshwe cha kutazama.

Walishuka kwenye basi la Moshi asubuhi ya Jumatatu, wamevimba miguu. Mama Severa alikuwa shangazi yake, mkunga wa zahanati huko Kilema kwa miaka thelathini na mmoja. Mumewe, Mzee Leodegar, alikuwa amefundisha jiografia shule ya msingi muda kama huohuo, na alikuwa amefundisha bahari kila mwaka bila kuiona hata siku moja. Alibeba daftari jipya na penseli mbili.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Severa, akamshika Theopista kidevu na kumgeuzia uso kwenye mwanga. Alikuwa akimwangalia kila mtu hivyo siku hizo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga duka, na la kulia lingemfikisha masika, labda na wiki mbili tatu za baada ya hapo. Ndiyo maana safari ilifanyika mwaka ule na haikungoja mwingine.

Baada ya chai ya rangi alitoa kwenye kitambaa chake uzi wa katani wenye mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa mabega ya mjukuu wake Celina, la pili kiuno, la tatu magoti. Celina alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa ameshakosa kipaimara mara mbili kwa sababu ya gauni. Mwaka uliotangulia watoto wengine walivaa mashuka, na katekista alikuwa amesema hataki tena kuona maua ya mashuka mbele ya askofu. Askofu angekuja Agosti.

"Yadi tatu za bafta nyeupe zinatosha," alisema Mama Severa. "Kwetu hakuna kabisa. Nikasema, Dar es Salaam haiwezi kukosa."

Theopista aliutazama uzi, kisha ratiba yake.

"Shangazi, bafta ni foleni," alisema. "Duka la ushirika pale kona. Wanasema itauzwa wiki hii, siku hawaitaji. Usipokuwepo siku hiyo, basi."

Alichukua kalamu akafuta Kivukoni, akaandika foleni. Akafuta Pugu, akaandika foleni. Kufikia siku ya nne karatasi ilikuwa imechafuka. Mzee Leodegar aliisoma yote, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Na bahari iko ukurasa gani?" aliuliza.

Mama Severa alikuwa akiukunja uzi wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelipa kitu kwa hiari lakini kinamuuma. Alikuwa na siku nne za mjini na jicho moja, na vyote viwili alikuwa anavipeleka kwenye ukuta wa duka.

Bi Zeina ndiye aliyeokoa mambo. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa mzee Hashil, Waarabu wa mtaani wa tangu zamani, na aliuza nyuzi, vifungo na sindano kupitia dirisha dogo ambalo halikumzuia kusikia lolote.

"Kwa nini mama wa watu asimame mwenyewe?" alisema kupitia dirishani. "Aache kivuli."

Mzee Leodegar alifungua daftari.

Bi Zeina alimweleza bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia ya posta. Mwanzo watu waliweka mawe kwenye foleni, kila mtu jiwe lake, wakaenda kwenye shughuli zao. Kisha meneja wa duka akawa anafagia mawe kila asubuhi kwa kisingizio cha usafi. Watu wakaweka kandambili, lakini kandambili nazo zikaadimika, zikawa zinaibiwa. Tangu mwaka jana wanaacha vivuli. Unakwenda jua likishapanda juu ya mapaa, unasimama kwenye nafasi yako, mtu wa nyuma yako anakukanyagia kivuli kwa mguu, nawe unaondoka polepole. Ukiondoka kwa haraka kinachanika. Jioni unarudi kabla ya jua kuzama, unasimama palepale, chenyewe kinakuja miguuni.

"Na saa sita, jua likiwa utosini?" aliuliza Mzee Leodegar.

"Vinajikunja. Watu wanaviruka. Hakuna anayekanyaga cha mwenzake, hiyo ni adabu tu."

"Na mawingu?"

"Mawingu yakija tunasimama wenyewe, baba. Ndivyo mvua ilivyo."

Mzee alitaka kukiacha na chake, apate kuona. Bi Zeina alikataa. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Gerezani aliyejaribu, kivuli chake kikawa kinasahihisha foleni nzima, hadi watu wakaandika barua. Yadi tatu zilihitaji mtu mmoja.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, Mama Severa alisimama nafasi ya kumi na moja. Bi Zeina, aliyekuwa wa kumi na mbili, alivua kiatu ili asikichafue kivuli, akakanyaga. Mama Severa aliondoka hatua kwa hatua, akishikwa mkono na mumewe. Alisema baadaye kwamba ni kama kuvuliwa soksi iliyolowa. Mkokoteni wa machungwa uliokuwa unapita ulikwepa kivuli na kuendelea.

Pantoni ilijaa. Mkata tiketi aliwatazama miguuni, akaona kivuli kimoja kwa watu wawili.

"Mama ameacha foleni gani?"

"Ya bafta."

"Mkisikia na ya sabuni mniambie," alisema, akakata tiketi.

Mzee Leodegar aliandika kwamba mtu asiye na kivuli anaungua pande zote mbili, kwa hiyo kule Kigamboni alitembea upande wa jua, mkewe akatembea ndani ya kivuli chake. Walikuwa na miaka arobaini na minne ya ndoa na hawakuwahi kutembea karibu hivyo. Mama Severa alisimama majini hadi magotini, kitenge amekikusanya mkononi. Alitazama bahari kwa jicho la kulia, akakigeuza kichwa kidogo kidogo ili asiache sehemu.

"Ile mistari myeupe inatoka wapi?" aliuliza.

"Ni mawimbi yanapovunjika."

"Ulikuwa ukiwafundisha watoto kwamba bahari ni ya bluu."

"Nilifundisha kilichokuwa kitabuni," alisema Mzee Leodegar. Aliionja kwa kidole, akaandika kwamba ni ya chumvi kweli. Kisha alionja tena, mahali pengine, kuhakikisha. Walikunywa madafu matano kwa pamoja, wakarudi wakiwa na furaha ya kitoto kabisa.

Theopista aliwapokea kwenye kona, mikono kiunoni. Kivuli kilikuwa nafasi ya thelathini na nne.

"Shangazi, kivuli chako hakina akili," alisema. "Akija mama mwenye mtoto mgongoni, kinampisha. Akija mwenye mimba, kinampisha. Saa tano alikuja mmoja amejifunga mto tumboni, kila mtu anamjua, kikampisha na huyo."

"Pengine alikuwa anaumwa kweli," alisema Mama Severa. Alisimama kwenye nafasi, kivuli kikaja miguuni, kimejaa vumbi. Hata hivyo hakikuwa kimepoteza kitu, kwa sababu duka halikuuza chochote siku hiyo. Meneja, Benjamini, alitoka saa sita akasema bafta haijafika, akaingia tena.

Siku ya pili walikwenda Pugu. Mama Severa alitaka kujua kwa nini udongo wa kule ni mweupe hivyo na kama unafaa kupaka nyumba. Mzee Leodegar alimweleza, akabeba bonge moja kwenye leso. Waliporudi kivuli kilikuwa nafasi ya hamsini na moja. Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kukiacha, Theopista alimsihi shangazi yake akiseme. Mama Severa alikiinamia pale chini akajaribu. Alikiambia kiwe na moyo mgumu kidogo, kwa ajili ya Celina. Lakini alikuwa amewapisha wajawazito miaka thelathini na mmoja, na sauti yake mwenyewe haikuwa na nguvu alipolisema neno hilo.

Bagamoyo ilikuwa siku ya Mzee Leodegar. Mapadre waliopanda hadi Kilema enzi za babu yake walitokea huko, na alitaka kuona mahali walipofungia viatu. Waliona kanisa, waliona makaburi, wakakaa kwenye benchi lililokuwamo kwenye ratiba. Mama Severa aligusa ukuta kwa kiganja. Alisema ukuta ulikuwa na joto, na kwamba anautia akilini.

Siku hiyo kule Kariakoo, mambo yalikuwa hivi. Mlango wa duka la ushirika unatazama magharibi, na jua la alasiri huvilalisha vivuli kuelekea mlangoni. Kufikia saa kumi wenye watoto waliondoka kwenda kuwasha majiko, foleni ikafupika, na kivuli cha Mama Severa kikajikuta nafasi ya nne bila kumpita mtu. Jua lilipozidi kushuka kilirefuka kama vyote. Kilifika kwenye kizingiti, na kwa kuwa chini ya mlango palikuwa na upenyo wa kidole kimoja, kichwa na mabega viliingia ndani.

Mama Severa alirudi saa kumi na moja na robo, akasimama kwenye nafasi yake. Kivuli kilimjia. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo.

"Majora arobaini na mawili," alisema.

"Ya nini?" aliuliza Theopista.

"Ya bafta. Yamepangwa hadi darini, upande wa kushoto. Kulia kuna sukari, magunia sikuyahesabu. Sabuni iko chini ya ngazi. Nyuma kuna mlango mwingine, wa kijani, na saa kumi na nusu lilikuja gari jeupe lenye mapazia. Benjamini mwenyewe alibeba majora sita, akarudi akajifuta jasho kwa ncha ya bafta." Alisema haya yote taratibu, kama anavyosoma kadi ya mgonjwa. Kisha akaongeza, "Nimeona vizuri sana. Kivuli hakina presha ya macho."

Foleni ilisikia. Hakuna aliyeshangaa kwamba kivuli kiliingia ndani, na bafta pia haikuwashangaza. Walikasirika, lakini kwa namna ya watu waliothibitishiwa jambo. Mwanamke mmoja alikaa chini akalia, hakuwa hata na haja ya bafta, alitaka sukari tu.

Walimwita balozi wa nyumba kumi, Sadalla, mtu mwaminifu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na daftari lake la kumbukumbu, akagonga mlango, Benjamini akatoka. Kikao kilifanyika palepale.

"Ndugu meneja, kuna taarifa kwamba bafta ipo."

"Nani ameiona?"

"Kivuli cha Mama Severa, mkazi wa Kilema, mgeni wa Theopista."

Benjamini hakubisha kwamba ipo. Hilo Mzee Leodegar aliliandika na kulipigia mstari.

"Kiliingia kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Benjamini. "Hii ni mali ya umma, ndugu balozi. Stoo ya umma haiingiwi ovyo. Kesho ataingia mwingine aseme ni kivuli."

Sadalla aliandika na hilo. Alitenda haki kwa pande zote, na hiyo ndiyo shida ya watu waaminifu wanapopewa daftari. Aliwasomea wote kilichoandikwa: kwamba kivuli kiliona majora arobaini na mawili, yakatolewa sita, na kwamba kiliingia bila ruhusa. Walikubali kuwa ni sahihi. Aliipeleka taarifa mwenyewe hadi ofisi ya wilaya, kwa miguu, jioni ileile.

Jibu lilikuja kwa kasi ambayo mtaa haukuwahi kuiona. Kufikia saa mbili asubuhi ya siku ya nne kulikuwa na tangazo mlangoni lenye mhuri. Lilisema ni marufuku kwa kivuli chochote kukaribia mlango kwa chini ya hatua mbili. Mstari wa chaki ulikuwa umechorwa, na chini ya mlango umepigiliwa ubao. Chini ya tangazo hilo lilibaki lile la zamani, la mkono wa Benjamini: Bafta haijafika.

"Wamejibu," alisema Sadalla, akalisoma mara mbili. "Hawajasema ni uongo." Alionekana kama mtu aliyetumwa maji akarudi na kisahani.

Mama Severa alifuta makumbusho. Alisema makumbusho ameshapata. Alisimama kwenye foleni mwenyewe, mwili na kivuli pamoja, kuanzia asubuhi, nafasi ya tisa. Mzee Leodegar alimletea kiti, akakikataa. Alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu aliyezalisha nusu ya kijiji na kuambiwa hana ruhusa ya kuona. Saa nne alikuja binti mwembamba na kichanga cha siku chache, kimefunikwa kwa gunia la unga lililofuliwa. Mama Severa aliyazungusha macho pembeni. Akayarudisha. Akamuuliza binti kama kitovu cha mtoto kimeshakauka, akampisha.

"Sasa nimejua kivuli kimejifunza wapi," alisema Theopista.

Saa tisa hakuna kilichouzwa. Mzigo ulikuwa umefungwa, basi lilikuwa la saa kumi. Mama Severa alimpa Theopista uzi wenye mafundo matatu. Kisha akamwita Bi Zeina.

"Mwenzangu, kanyaga."

"Basi lenu linaondoka, mama. Nani atakuja kukichukua jioni?"

"Hakichukuliwi. Kibaki mpaka wauze."

Theopista alisema usiku utakimeza. Bi Zeina alifikiri, akasema atakiwekea kibatari dirishani kwake, kwani hata hivyo hulala akiwa amekiwasha. Akavua kiatu, akakanyaga. Mama Severa alitembea polepole hadi kituoni, na hakugeuka nyuma, kwa kuwa angegeuka kingemfuata.

Askofu alikuja Kilema mwezi wa Agosti, siku ya jua kali. Celina alikaa nje ya kanisa na bibi yake, akiwa na gauni la kijani. Watu waliona kwamba Mama Severa hana kivuli. Waliuliza amekiacha wapi, wakaambiwa Dar es Salaam, kwenye foleni. Watatu kati yao walitaka kujua kama kinaweza kuwashikia nafasi.

Theopista aliandika kila mwezi, na Mzee Leodegar alisoma kwa sauti. Kivuli kilikuwa nafasi ya sita, kikapisha mapacha, kikawa cha nane. Mvua ilifuta chaki, na ule ubao wa chini ya mlango mtu aliung'oa akawa kuni. Bi Zeina alikuwa hajambo, mafuta ya taa yalikuwa shida, lakini mtaa unachangishana kijiko kijiko.

Masika ilikuja kwa wakati wake, na jicho la kulia likamaliza kazi. Mama Severa aliwaona watu kama mwanga, kisha hakuwaona. Kuona kulikobaki kulikuwa kwa alasiri, kupitia kivuli. Kila siku ya jua, kuanzia saa kumi, akiwa amekaa barazani anachambua maharage, alikuwa akiacha maharage na kuinamisha kichwa, kama anachungulia chini ya kitu.

"Bibi, unaona nini?" aliuliza Celina.

"Bafta."

"Bado ipo?"

"Wameongeza. Imefika hadi kwenye taa."

Alikaa hivyo mpaka jua lilipoingia nyuma ya migomba. Kisha akamwita Celina asimame karibu, akampapasa mabega, kiuno, magoti. Alishangaa kidogo, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Alidai uzi mwingine, akapiga mafundo yake taratibu kwa vidole, akampa mumewe autie kwenye bahasha.

"Mwandikie Theopista akiambie kivuli," alisema. "Mtoto amekua. Sasa ni yadi nne."